Mikono Iliyouza Losheni

Jumatatu, 3 Machi

"Tangazo la vipodozi halijawahi kumuumiza mtu. Ni karatasi, rangi na tabasamu." Hivyo ndivyo alivyoandika Bwana Zamani kwenye rasimu ya kijitabu cha maonyesho, na chini yake ametia sahihi kwa fahari kama mtu aliyegundua dawa.

Karatasi! Hati ya talaka ni karatasi. Hukumu ya kifungo ni karatasi na wino—tabasamu tu ndilo halimo, na hata mahakimu wanaotabasamu nimeshawaona. Kama karatasi haina nguvu juu ya mtu, wenye viwanda walikuwa wakilipia nini miaka yote ile? Ama tangazo linamgusa anayelitazama, ama halimgusi. Haliwezi kumgusa mfukoni tu, likauruka mwili wote uliobaki.

Namwita Bwana Zamani kwa sababu kila kilichoshika vumbi kinampendeza. Ni msimamizi wa maonyesho pale maktaba, ghorofa ya juu. Amekusanya matangazo ya enzi za ujana wa wazazi wetu—poda, losheni, mafuta ya nywele, sabuni za kunyolea ndevu—na atayafungulia milango Jumamosi ya wiki ijayo. Kisha akanipigia simu mimi. Mimi, niliyemchana gazetini mara sijui ngapi! Anataka kila picha iwe na kadi mbili: kushoto yake, kulia yangu. Yeye asifu, mimi nishambulie. Watu waamue.

Nikamwambia atajuta. Akacheka—ana kicheko cha mtu aliyeshiba. Akaweka sharti moja, nisiandike hasira tupu. "Hasira si ushahidi, mama. Nionyeshe mtu mmoja aliyeumia. Mmoja tu, mwenye damu na nyama."

Nimekubali. Mume wangu anasema nimekubali haraka mno. Nikamkumbusha kuwa hata posa yake niliikubali haraka. Amerudi kwenye redio yake.

Jumatano, 5 Machi

Siku nzima ghorofani. Picha zimeegemezwa ukutani, bado hazijatundikwa. Harufu ya gundi na mbao mpya. Nimezikagua moja moja, nimepiga magoti kama fundi wa vigae.

Kwanza, vioo. Wanawake wote wana vioo! Cha mkononi, cha mezani, cha ukutani—mmoja anajitazama kwenye mgongo wa kijiko. Mwanamume hana. Hata yule wa sabuni ya ndevu: ana wembe kooni na hana kioo! Anatazama mbele, nje ya picha. Huko kuna jambo la maana, labda daraja analolijenga. Anayempapasa shavu kuona kama limetakata ni mkewe. Kioo chake ni mke.

Halafu woga. "Una hakika bado unapendeza?" "Mume hasemi—lakini anaona." Hili la pili lilinifanya nisimame ninyooshe mgongo. Hasemi lakini anaona! Hiyo ni poda au ni polisi?

Bwana Zamani alipita na kikombe cha chai. "Lakini kubali, zinapendeza." Zinapendeza. Nilikubali kwa sauti, mimi si mwongo. Mtego usiopendeza ungemnasa nani?

Ya mwisho ni kubwa kuliko zote. Haina uso. Mikono miwili tu imezunguka kikombe, ngozi laini kama maziwa yaliyotulia, pete kidoleni. Chini yake: "Mikono ya mke hujulikana." Jina la losheni yenyewe siliandiki humu. Lilishakufa, lipumzike.

Nilitaka kuipita. Sikuweza. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimepinda, kimewaegemea wenzake kama mtu anayesikiliza umbea. Nikaweka mkono wangu pembeni.

Kile kile! Kidole cha kwetu, cha upande wa mama. Mama alikuwa nacho, mimi ninacho, dada hana na alikuwa akitucheka.

Mama?

Chai yangu ilipoa pale pale sakafuni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeandika kadi tatu asubuhi, zote mbovu. Kichwani nina kadi moja tu: mama yangu, mwanamke wa jembe na ndoo, akikodishwa mikono ili iwatishe wanawake wengine. Na hakutuambia!

Nikampigia dada mkubwa. "Mama yupi?" akauliza. "Huyu wetu, aliyekuwa anajipaka mafuta yaliyobaki kwenye kikaango?" Akacheka hadi akakohoa. Akanusa hasira yangu, akatulia. Akasema nisiwe na pupa, mjomba ndiye aliyefanya kazi kwa mpiga picha zamani, kabla ya kuwa mwashi. Nimuulize yeye.

Mjomba kwa mpiga picha? Mimi namjua mjomba wa saruji. Nusu ya kuta za mtaa wake amezipandisha yeye. Nikiwa mdogo nilidhani amezaliwa na mwiko mkononi.

Jumamosi, 8 Machi

Lazima niandike kwa utaratibu, nisiharibu.

Nilimkuta mjomba uani akifunga bawaba ya mlango wa choo. Mkaza mjomba akanipokea kwa kelele zake: "Bi Hoja! Leo umekuja kugombana na nani?" Nikasema na wote wawili. "Basi kaa kwanza. Huwezi kutuweza ukiwa na njaa." Akaingia jikoni.

Nikamwonyesha mjomba picha kwenye simu. Akavaa miwani. Hakushtuka—hilo ndilo lililonishtua mimi. Akauliza tu nimeipata wapi.

"Ni mama, sivyo?"

Akatikisa kichwa. Akaweka kidole juu ya kioo cha simu. Kidole kinene, kimepasuka pasuka, ukucha kama kipande cha kigae. "Tazama hapa kwenye kifundo cha mkono. Unaona ngozi imefifia, kama utepe? Hiyo ni alama ya mkanda wa saa. Saa ya kiume, ile mikubwa. Saa tuliivua, pete tukaivalisha. Alama tukaisahau."

Sikuelewa. Au nilielewa, nikakataa.

"Mimi ndiye niliyekuwa narekebisha picha kwa brashi, mwanangu. Nilifuta kovu, nikafuta vinyweleo, nikanyoosha mikunjo. Hiyo sikuiona. Nani huona kifundo chake mwenyewe?"

Mjomba! Mikono ya mke ni ya mjomba!

Alinisimulia huku akiendelea na bawaba. Walimleta mwanamke mmoja mzuri wa sura—ndiye yule wa tangazo la poda, nimemwona, shingo ndefu. Lakini alikuwa akifua nguo za watu, na mikono yake ilikuwa imechanika kwa sabuni. Mpiga picha akamwinua mkono, akautazama, akaurudisha mezani kama sahani yenye ufa. Kisha akaangaza macho chumbani. "Wewe. Hebu leta yako." Mjomba alikuwa kijana wa kukaa ndani, kazi yake brashi na wino.

Nikataka kupiga yowe pale pale uani. Mwanamke amekataliwa kuwa mikono ya mwanamke—kwa sababu mikono yake imefanya kazi za mwanamke! Na wanawake wote waliosimama mbele ya bango lile wakaificha yao nyuma ya mgongo, walikuwa wakishindana na mvulana! Miaka ishirini napigana na matangazo haya, sijawahi kushika silaha kama hii.

Nikamwambia hivyo. Kwa furaha, Mungu anisamehe.

Yeye hakufurahi. Akasema bango lilipotoka lilikuwa kila mahali, dukani, stesheni, hospitalini. Mpiga picha hakuweza kukaa na utani mzuri namna ile. Akausimulia kwa kinyozi. Kufikia jioni mjomba ana jina: Bi Mikono. Wanaume wa pale kwa kinyozi hawakumpa tena mkono. Wakimwona, mmoja anauinua mkono wake na kuubusu, wengine wanaangua kicheko. Au wanamwomba awaonjeshe chai. Alikuwa na mchumba. Kaka zake yule binti wakauliza, sasa nani ataoa na nani ataolewa? Uchumba ukavunjika.

"Ukafanya nini, mjomba?"

"Nikaomba kazi ya saruji. Mama yako alinitafutia, yeye alijua yote." Akakaza skrubu. "Walitupa glavu. Mimi sikuvaa. Nilichanganya kwa mikono mitupu, saruji na chokaa, chokaa inakula ngozi hadi damu. Nilitaka ichakae. Jioni nikifika nyumbani naitazama, naona bado, bado."

Alisema hivyo kama anaelezea bei ya misumari.

Mkaza mjomba akatoka na sinia. Mjomba akaifunika simu kwenye goti lake, haraka kama mwanafunzi. Alimwoa kutoka mji mwingine, mambo yalishapoa. Hajui lolote. Nilipokuwa natoka mjomba akanisindikiza hadi barabarani, akasema kwa upole kabisa: usiandike.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika.

Kadi bora kuliko yoyote niliyowahi kuandika. Nimeisoma kwa sauti chumbani. Kisha nimeichana vipande vidogo, kwa sababu najijua.

Yeye ndiye ushahidi. Damu na nyama, kama alivyotaka Bwana Zamani! Na ushahidi umesema hautaki kwenda mahakamani. Wengine wangesema badilisha kidogo, mwite "kijana mmoja". Ujinga. Mji mzima wenye umri wake unalijua jina lile. Ningeandika "kijana mmoja", wangeongeza wenyewe.

Halafu kuna jambo linanikera zaidi. Siku zote nimeandika kwamba mabango haya yaliwafunga wanawake. Kweli. Lakini nilikuwa nawachukulia wanaume kama walinzi wa gereza, basi. Sikumwona huyu, aliyejichubua kwa chokaa ili afanane na mwanamume wa bango la pili, lile la sabuni ya ndevu. Maana yale mabango yalitundikwa pamoja! Mikono laini hapa, taya la chuma pale, na katikati hapana nafasi ya mtu kupita.

Mume wangu ameuliza kama naumwa. Nimenyamaza mno, anasema, nyumba imekuwa kubwa.

Jumanne, 11 Machi

Bwana Zamani amenisomea kadi yake ya kushoto kwa picha ya mikono. "Hapa msanii anausifu ulaini wa asili wa mwanamke, ulaini ambao hakuna mwanamume angeweza kuuiga."

Nikauma ulimi. Nimeuma kweli, hadi sasa chumvi inaniwasha.

"Kadi yako iko wapi?" akauliza. Kadi zote nimempa isipokuwa hii. Nikasema bado. "Ahaa. Basi ni kama nilivyosema. Hapa hakuna aliyeumia."

Nikamjibu kwamba kutokumwona aliyeumia na kutokuwepo kwake ni vitu viwili, na kwamba kipofu naye hana ushahidi wa mchana. Halikuwa jibu zuri. Akanipa muda hadi Ijumaa jioni. Kisha, kwa furaha ya mtoto, akanivuta dirishani anionyeshe kitu.

Chini, mbele ya maktaba, mafundi wawili walikuwa kwenye ngazi wakifunga kitambaa kikubwa. Kinashuka toka ghorofa ya pili hadi mlangoni. Mikono. Mikono ya mjomba, kila kidole kirefu kuliko mtu mzima! "Ndiyo picha nzuri kuliko zote," akasema. "Mji mzima utaiona."

Nikamwambia aishushe. Kwa nini? Sina sababu ninayoruhusiwa kuitamka! Nikasema rangi zimechujuka. Akanitazama kama mgonjwa.

Alhamisi, 13 Machi

Mkaza mjomba amepiga simu saa nne asubuhi. Sauti ndogo, si yake. Jana walikwenda sokoni wakapitia njia ya maktaba. Mjomba akasimama ghafla katikati ya watu, akainua kichwa, akaweka kapu chini. Akageuka akarudi nyumbani bila kapu wala mke. Tangu hapo anakaa uani, mikono kwapani, hali chakula vizuri. "Wewe ulikuja hapa Jumamosi mkanong'onezana. Mna nini? Anaumwa? Niambie mimi, Bi Hoja, mimi si mtoto."

Nikasema amwulize mwenyewe.

"Nimemwuliza. Anasema ni baridi. Baridi gani na jua hili?"

Nimeendelea kukaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Mimi ninayejibu wabunge! Mimi ninayejibu maprofesa!

Nimekwenda mchana kwa Bwana Zamani, nikamwambia ukweli nusu: mwenye mikono ile yu hai, hataki kuonekana. Tabasamu likamfutika usoni, sikutegemea. Akauliza, ni mwanamke gani huyo? Nikasema siwezi kumtaja. Akasema kwa unyenyekevu kabisa kwamba kama mwenyewe akija kusema neno moja, kitambaa atakishusha kwa mikono yake. Lakini si kwa maneno ya mtu wa pili.

Lazima nikiri, ni jibu la haki. Inachukiza kuwa na mpinzani mwenye haki.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kreti, ghorofani. Kadi tupu zimeniishia, shajara hii ndiyo karatasi pekee niliyo nayo. Kesho milango inafunguliwa.

Saa tisa nilisikia ngazi. Mjomba, amevaa koti la harusi za watu, na mkaza mjomba nyuma yake, mkoba ameukumbatia. Mafundi wawili walikuwa wanatundika ile picha. Mmoja akamwambia mwenzake, "Mikono kama hii ukiipata nyumbani, kazini huji tena." Mwenzake: "Mkeo je?" "Wangu? Akinishika ni kama nasuguliwa kwa msasa!" Wakacheka. Vicheko vizuri tu, vya watu wa kazi, hawakujua.

Mjomba akasimama karibu nao. Akasema, "Inyanyueni kushoto kidogo. Imelala." Wakanyanyua. Ikakaa sawa. Akawashukuru.

Kisha akamgeukia mkewe, mbele ya wote. "Hii ni mimi, mama watoto. Nilikuwa kijana. Mkanda wa saa ule pale."

Mkaza mjomba akatazama picha. Akatazama mikono ya mumewe. Nilitegemea acheke, yeye hucheka msibani. Hakucheka. Akauliza, na hii ya sasa, ilikuwaje?

Akamwambia. Glavu, chokaa, yote. Kwa sentensi fupi, kama alivyoniambia mimi.

"Kwa hiyo si kazi," akasema mkaza mjomba. "Si kazi iliyokuumiza. Kila jioni tangu nimeolewa nakukanda mikono hii kwa mafuta. Inapasuka, nakanda. Naona huruma, nasema mume wangu anaumia kwa ajili yetu. Na wewe asubuhi unakwenda kuipasua tena makusudi?"

"Miaka ya mwanzo tu."

"Ungeniambia."

"Ungeniona vipi?"

Mkaza mjomba akaukaza mkoba kifuani. Akatoka. Nimemwona dirishani: amekaa kwenye ngazi za chini, chini ya kitambaa kile, mgongo wake umeelekea huku. Haondoki. Hapandi pia.

Mafundi wameshuka, mmoja amevua kofia. Bwana Zamani alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Amekwenda ukutani, ameing'oa kadi yake ya kushoto, ameitia mfukoni. Akamwuliza mjomba kama akishushe kitambaa. Mjomba akasema subiri.

Kisha akaniambia mimi: "Andika. Sijakubali, nasema andika. Nisomee. Wale wa kinyozi walio hai wamepewa mwaliko, nimeliona jina la mmoja kwenye orodha ya wageni wa heshima pale mlangoni. Usiniandikie mimi, mimi nayajua. Waandikie wao. Na usinipambe, sina haja ya poda."

Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Anasubiri mbele yangu, amekaa kwenye kreti lingine, amevua miwani anaifuta kwa pindo la koti. Yule chini bado hajageuka. Hii hapa, ndiyo nitakayomsomea sasa:

"Ninyi mliokuwa mkikaa kwa kinyozi. Mnajijua, na baadhi yenu mmeingia humu leo na tai shingoni. Mikono hii ni ya mwanamume. Mliijua hivyo tangu siku ya kwanza, ndiyo maana mlicheka. Mlimnyima mkono mpaka akaenda kuuchoma wake kwa chokaa ili ufanane na wenu. Yumo chumbani humu. Msimtumie salamu, msimtanie, msimwambie ya kale yamepita. Mwendeeni mmoja mmoja, mbele ya mkewe, mtamke jina lake la kweli, na mumpe mkono. Naye akikataa kuupokea, msiushushe. Simameni nao hivyo hivyo, umenyooshwa hewani, watu wakiwatazama."